Mtoto Asibaki Jeddah

Madam wangu wa Riyadh alipojifungua mtoto wa kwanza, mvulana, tulienda kukaa arubaini kwa mama yake, Jeddah, mtaa wa Al-Safa. Desturi yao. Mimi nilikuwa yaya, mpishi na mpeleka kahawa kwa wageni, maana wageni walikuja kila jioni. Madam alipambwa, akaketi kitandani na mtoto mapajani, akatabasamu hadi nikamwonea huruma. Mlango ukifungwa tu, ananikabidhi mtoto bila kumtazama, anageukia ukuta.

Mama yake alisema ni jicho. Akamnywesha uwatu, akamsomea dua, kisha akanigombeza mimi eti supu yangu ni maji matupu. Supu yangu mimi! Nilimeza hasira, kwa sababu nilijua shida si supu. Yalinipata mwenyewe kwetu Kilifi nilipomzaa binti yangu, na watu wakaniita mvivu.

Arubaini ikikaribia kwisha, mama mtu akaamua: mjukuu abaki naye Jeddah, madam arudi Riyadh na mimi, akapumzike. Alisema kwa mapenzi, na madam akaitikia kwa kichwa. Niliumia, jamani. Hilo halikuwa la mfanyakazi kusemea, na ningeweza kurudishwa kwa ajenti siku hiyo hiyo. Lakini mdomo wangu nao haujui kutulia. Nilipompelekea madam chai nikafunga mlango, nikamwambia kwa Kiarabu changu cha jikoni:

"Madam, mimi pia wangu sikumpenda mwanzo. Nilimwona kama mtoto wa jirani. Mama yangu akamchukua ili nipumzike. Leo binti yangu ananiita anti."

Akaniangalia machoni, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu ajifungue. Akauliza kama mimi ni mama mbaya. Nikamwambia nesi wa kwetu alinieleza, nikiwa nimeshachelewa, kwamba ule ni ugonjwa na una matibabu. Akalia begani kwangu mpaka leso ikalowa. Jioni akamwambia mumewe aliyekuja kutuchukua, naye bosi, mtu wa maneno machache, akampeleka kwa daktari. Tukarudi nyumbani Riyadh, mtaa wa Al-Malqa, na mtoto wetu. Mama mtu alininunia mpaka uwanja wa ndege.

Dawa haikufanya miujiza. Kuna siku madam hakutoka chumbani. Lakini mimi nilizipenda siku zile. Asubuhi nilimlaza mtoto kando yake ili wabaki wao wawili, nikaenda kupiga deki polepole, nikirudia hata sakafu iliyokwisha kung'aa.

Siku moja nikasikia mtoto analia kweli kweli. Nikaacha vyombo, nikakimbia. Madam alikuwa amempakata, naye mtoto anajipinda kunitafuta mimi. Nikanyoosha mikono. Madam akatikisa kichwa.

"Halas, wacha. Analia kwa sababu hanijui. Atanizoea."

Nikarudi kwenye vyombo vyangu. Sijawahi kunyimwa kitu nikafurahi vile.