Askari Waliomzomea Mwandishi

Wazee wa kanisa letu waliniambia nisiende. Walisikia kuwa filamu hiyo inamsifu Mjapani aliyejiua, mtu wa vitabu aliyejiundia jeshi lake dogo na kulishonea sare. "Mzee mzima, unafuata nini huko?" mmoja wao alinipigia simu kuniuliza. Nikamjibu kwamba nimealikwa na mwanangu, na kwamba dhambi zangu hazikuanzia kwenye sinema.

Aliyenialika ni binti wa marehemu mdogo wangu. Nimemlea tangu ana miaka miwili, kwanza katika kambi ya wakimbizi, kisha hapa Columbia Heights, Marekani. Sasa anasomea mambo ya filamu chuoni, na filamu hiyo alitakiwa kuiandikia insha.

Ilikuwa filamu ya ajabu. Nyumba zake ni mbao zilizopakwa rangi ya dhahabu na ya waridi, kuta zinafunguka kama kabati. Hata damu ilipangwa vizuri. Nilikunja mikono, nikakataa kushangaa. Kisha yule mwandishi akasimama kwenye roshani ya kambi ya jeshi, akawataka askari wainuke kwa ajili ya heshima ya nchi. Wakamzomea. Wakamcheka mpaka sauti yake ikapotea.

Hapo nikamwonea wivu.

Mimi nami nilihutubia, kijijini kwetu mashariki ya Kongo, nimesimama juu ya meza ya shule. Nilikuwa na cheti cha sekondari na maneno matamu. Hakuna aliyenizomea. Walipiga makofi, kisha wakaenda na mapanga kuwakabili watu wenye bunduki. Mdogo wangu alitangulia.

Nyumbani tumekuwa tukisema aliuawa akililinda kanisa. Hadithi hiyo niliitunga mimi.

Tulipotoka, tuliingia garini mwake. Akawasha injini, akanitania, "Baba mkubwa, ulilala! Nilikuona umefumba macho."

"Sikulala. Baba yako hakuwa akilinda kanisa lolote. Mimi ndiye niliyempeleka, kwa hotuba."

Akazima injini.

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilibaki. Nilikuwa na hotuba nyingine kijiji cha pili."

Alicheka, kicheko kikavu ambacho sijawahi kukisikia kwake. "Wazee wanajua?"

"Wanajua. Walisema watoto wasiambiwe, nami nikatii miaka yote hii. Kosa hilo nalo ni langu, si lao."

"Watakutenga kwa kuniambia."

"Wanitenge. Jumapili nitasimama mbele ya kanisa zima niseme hivi hivi."

Hakunishika mkono, wala sikutarajia. Alitazama mbele, mikono yote miwili kwenye usukani, watu wakipita na magari yao yakiondoka moja moja.

"Sema tena," akaniambia mwishowe. "Anzia juu ya meza. Uliwaambia nini hasa?"

Nikamwambia yote, kama nilivyoyasema siku ile, bila kulainisha hata neno moja.