Nilivyomsamehe Saida kwa Kosa Langu

Mke wangu Saida alitamani kompyuta ya kuchezea magemu, nami nikajifanya bingwa wa kuchagua vifaa. Kadi ya picha nikaiita mbwembwe, nikaiacha dukani, nikachukua boksi la kompyuta lenye taa za rangi. Tulipoiunganisha nyumbani Bagamoyo, feni zilizunguka, taa zikameremeta, lakini kioo kikabaki cheusi.

"Kioo kimekufa," nikasema, maana Saida ndiye aliyekipakata kwenye basi kutoka Dar.

"Nisamehe, mume wangu. Labda nilikigonga," akasema huku akilia.

Nami, bila haya, nikamsamehe.

Kesho yake kaka yake alikuja, akachungulia ndani ya boksi. "Shemeji, prosesa hii haitoi picha bila kadi. Kadi iko wapi?"

Nikainamisha uso. Saida akauliza taratibu, "Kwa hiyo si mimi?"