Mama Mkubwa Alivuka Ziwa Kavu

Ukitaka kucheka, cheka, wengi wameshacheka. Lakini haya yalinikuta mimi mwenyewe, jua halijazama vizuri, na akili zangu timamu. Sikusimuliwa na mtu.

Kwetu ni karibu na Gulwe, kwenye ziwa dogo ambalo abiria wa treni hupita bila kulijua. Utotoni ufuko wake ndio uliokuwa uwanja wetu. Asubuhi wanawake wanafua, mchana ng'ombe wanakunywa, jioni korongo wanatua hadi ukingo wote unakuwa mweupe. Mama mkubwa, dada yake mama, ndiye aliyenifundisha kusugua sufuria kwa mchanga wa pale. Aliniita Kasuku, maana sikujua kunyamaza. Hakuna mwingine aliyeniita hivyo. Alifariki kabla sijaolewa.

Baadaye maji yakaanza kurudi nyuma. Kila kiangazi yaliacha tope jipya, likakauka, likapasuka, likaota majani. Ilikuwa miaka ile biashara binafsi iliporuhusiwa, na kila mtu akawa mfanyabiashara. Malori ya watu binafsi yalitoka Dodoma kufuata nyanya, na udongo ule ulioachwa na maji ulizaa nyanya usipime. Korongo wakahama. Badala yao tukasikia redio na mashine za kuvuta maji. Mimi na mume wangu, Yohana, tukajenga kibanda huko ndani kabisa, mahali ambapo utotoni nisingethubutu kuogelea. Tukawa tunalala humo na mtoto wetu Neema, tukilinda shamba.

Jioni moja nilikuwa natoka kuchota maji, mawingu yametanda juu ya milima. Mbele yangu nikamwona mwanamke amenipa mgongo. Amepandisha kanga hadi mapajani, anatembea polepole kwenye udongo mkavu, anapapasa kwa mguu kabla ya kukanyaga, kama mtu anayevuka maji. Nikadhani ni mgonjwa.

"Shikamoo, mama. Unatafuta nini huku?"

"Marahaba. Mtoto yuko wapi?" Hakugeuka.

"Amelala kibandani."

"Kamtoe, Kasuku. Hapa maji yananifika kiunoni."

Niamini, ndoo ilinitoka mkononi. Niliinama kuidaka, na nilipoinua macho hakukuwa na mtu. Angejificha wapi, mahali tambarare vile?

Nilimweleza Yohana. "Lori linakuja kesho," akasema, "nyanya zimeiva, wewe unaniletea habari za marehemu?"

Sikubishana naye. Nilimfunga Neema mgongoni, nikapanda kijijini kwa mama yangu. Giza lilipoingia Yohana akanifuata, amefura, anataka turudi. Alikuwa bado ananifokea mlangoni, mama akimsihi ale kwanza, tuliposikia mngurumo. Haikuwa radi. Mvua ilikuwa imenyesha huko milimani, sisi hatukupata hata tone, na sasa mto unaoingia ziwani ulikuwa unashuka na maji yake yote.

Yohana alikaa chini palepale kizingitini.

Kulipokucha, ziwa lilikuwa limerudi. Kibanda hakikuwepo. Nyanya zilielea, nyekundu, hadi mbali. Dereva wa lori alifika, akatazama, akageuza gari.

Mume wangu hajawahi kukizungumzia kisa hiki. Lakini kila mwaka huchukua jembe akapalilia kaburi la mama mkubwa, mtu ambaye hakuwahi kuonana naye. Na mimi, jioni nyingine, hushuka ufukoni peke yangu nikasema shikamoo. Hakuna anayeitikia. Nitasema ukweli: huwa natamani aitikie.

Ziwa limekauka tena tangu wakati huo, na nawaona watu wanapima viwanja mlemle. Nawe unayesoma, ukiuziwa ardhi laini, tambarare, isiyo na mti hata mmoja, mtafute mwenyeji akuonyeshe maji yaliwahi kufika wapi. Uliza walio hai. Usisubiri kuambiwa na aliyekufa.