Mgeni Aliyetaka Kununua Shamba la Marehemu

Juzi huko Kanyangi nilihudhuria mnada wa shamba. Mwenyewe alikufa kabla ya kumaliza mkopo, na benki ndiyo iliyoshika hati. Dalali akapiga kengele. Wanakijiji wote wakatazama chini. Mgeni mmoja tu akainua mkono.

Mjane akamkabidhi kibuyu kwa mikono miwili. "Mzee wangu analala pale kwenye mawe. Ukinunua, kila asubuhi ummwagie uji, umtajie jina lako. Ingawa tayari analijua."

"Nani alimwambia, mama? Hata wewe hunijui."

Mama akalitaja jina lake, pamoja na la babake.

Mgeni akaweka kibuyu chini polepole, akaenda zake.

Wakili wa benki akatueleza kwamba sheria inawaruhusu kuuza shamba na vyote vilivyo juu yake. Nikamwuliza kuhusu aliye chini. Akafunga mkoba.