Nukta Aliyoiita Doa

Kazini walimwita Jicho. Kwa miaka kumi na tisa aliketi mbele ya skrini ya kituo cha darubini, akilinganisha picha mpya za anga na za zamani aone kama pamezuka kitu. Nyota ikilipuka huko mbali, hata mwanga wake uwe kama punje ya chumvi kwenye kitambaa cheusi, yeye aliiona kabla ya kompyuta. Wageni wakija, Mkuu aliwapeleka kwake kwanza.

Lakini umri hauna adabu. Mwaka uliopita herufi zilianza kumchezea. Daktari alimpa miwani, naye Jicho akaifungia mkobani. Jicho avae miwani? Watu wangesemaje?

Jumanne moja asubuhi alikuta ujumbe. Setilaiti ilikuwa imenasa mlipuko wa miale ya gama, mmweko wa sekunde chache kutoka mbali kusikosemeka. Ila setilaiti ile ilikuwa kama mtu anayesikia kishindo mtaani asijue ni nyumba ipi: ilitoa duara pana la anga lenye galaksi mamia. Darubini ya kituo ilikuwa imekwisha kulipiga duara hilo picha tatu tatu, darubini ikisogezwa kidogo kila baada ya picha. Kazi ya Jicho ilikuwa kuutafuta mwanga unaobaki baada ya mlipuko, ambao hufifia upesi, na kuwatangazia wenzao wa vituo vingine mahali pake.

Saa nne akaona nukta yenye ukungu pembeni mwa galaksi ndogo. Mwezi uliopita kamera ilikuwa na doa la namna hiyohiyo. Kuhakikisha si kazi ngumu: doa la kamera hubaki palepale kwenye picha, nyota husogea pamoja na nyota nyingine. Akafungua picha ya pili, akakodoa macho mpaka machozi yakamtoka, asiweze kujua kama imesogea. Mkoba ulikuwa miguuni pake, lakini chumba kilijaa watu. Akaandika daftarini kwamba hakuna kipya, kisha akaenda kwa fundi wa kamera.

"Kamera ina doa tena, Fundi."

"Dada, si niliisafisha juzijuzi tu? Una hakika?"

"Kwani mimi naitwa nani?"

Fundi akacheka. "Haya basi. Jicho likisema, bisibisi hutii." Akaifungua kamera, na kwa siku mbili darubini ikawa kipofu.

Alhamisi likaja tangazo la kituo cha bara jingine. Walikuwa wameupata mwanga wa mlipuko pembeni mwa galaksi ileile. Jicho akafunga mlango, akavaa miwani, akafungua picha zake za Jumanne. Nukta ilikuwa kali kama ncha ya sindano, na ilisogea sawia na nyota zote.

Mchana Mkuu akaita kikao, amefura. "Dunia nzima inatazama huko, kamera yetu iko mezani vipande vipande! Fundi, nani alikutuma?"

Fundi alimtazama Jicho mara moja, akainamisha kichwa. "Nilidhani ina doa, Mkuu. Kosa langu."

Jicho akanyamaza. Fundi akapewa barua ya onyo mbele ya wote, na Jicho bado akanyamaza.

Jicho alimfuata Fundi mbio kwenye ngazi. "Kwa nini umesema vile?"

"Wewe ndiye uliyeniombea kazi hapa, dada. Nilitaka upate nafasi ya kusema mwenyewe." Akafunga kisanduku cha vifaa. "Nikangoja. Hukusema."

Nyumbani mumewe alimuuliza ana nini, akasingizia kichwa. Asubuhi akaingia ofisini kwa Mkuu na miwani usoni.

"Mkuu, habari ya doa ilitoka kwangu. Sioni vizuri tangu mwaka jana, nami nimeficha. Fundi alinisitiri, nikakubali."

Mkuu akatoa jaladani nakala ya barua ya onyo, akaichana. "Na picha ulizokagua mwaka mzima?"

Jicho hakuwa amelifikiria hilo.

Zikakaguliwa upya zote, Fundi na Jicho bega kwa bega, kwa wiki tatu. Fundi alimwitikia salamu, akampa kiti, ila hakumtania tena. Walipata nyota mbili zilizolipuka, ambazo Jicho alizipita. Moja ilikuwa imeonwa kwingine. Ya pili hakuna aliyeiona duniani, nayo ilikuwa imekwisha kuzimika.

Ripoti kwa vituo vingine aliiandika mwenyewe. Kwenye sehemu ya sababu aliandika kwamba picha hazikuwa safi. Akaisoma, mashavu yakamwaka, akaifuta. Akaandika: "Nyota hizo zilionekana wazi. Mkaguzi hakuziona, na alijua kwamba haoni." Akatia jina lake kamili, akaituma, na hakuthubutu kutoka chumbani mpaka adhuhuri.