Nusu ya Kidonge

Dada yangu mkubwa, ambaye nyumbani tulimwita Yaya, hakuogopa kusema kwamba ana virusi vya UKIMWI. Alichoogopa ni barabara. Dawa zake zilishuka kutoka Bukavu kupitia uwanda wa Ruzizi, na majuma yale kulikuwa na mapigano Sange. Hakuna gari lililopita. Pale mtaani kwetu Mulongwe, katika chumba cha pili cha nyumba yake, alikaa mjane aliyekimbia mapigano kutoka kijiji cha Mutarule. Alikunywa dawa zilezile, ila kikopo chake kilibaki huko pamoja na mbuzi.

Mimi nilikuwa na shahada ya biolojia na mdomo usiopumzika. Alasiri moja, Yaya na mjane wakitwanga sombe, majani ya muhogo, uani, niliwatolea mhadhara ambao hakuna aliyeuomba. Kirusi kikitaka kukwepa dawa, nilisema, hulazimika kubadili sura. Basi watafiti wanajaribu chanjo ya kuwaonyesha askari wa mwili sura hiyo mapema, ili kirusi kikiikimbia dawa kiangukie mikononi mwao. Nikachora askari mchangani kwa kijiti. Mjane akauliza kama chanjo hiyo imefika hospitali. Nikajibu kwamba bado inajaribiwa, lakini kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuliona gari likikata kona.

Kwetu, jirani akija kuomba moto, unamkatia kaa lako hata kama limebaki moja. Hilo nililijua tangu utoto. Sikulifikiria mpaka siku niliposhika kikopo cha Yaya nikasikia vidonge vikigonga, ilhali vilipaswa kuwa vimekwisha. Kando yake palikuwa na wembe wenye vumbi jeupe.

"Yaya, unakata dawa?"

"Miye nusu, ye nusu. Ningemufungia mulango, angeenda wapi?"

Nikamweleza kwamba nusu haikidhibiti kirusi. Inakifundisha tu kuizoea dawa. Akaniangalia bila haraka.

"Si weye ulisema kadudu kakibadilika, chanjo itajua sura yake?"

Mlio wa bunduki ukasikika upande wa milima. Nilimwambia chanjo haipo, na kwamba huenda isiwepo tukiwa hai. Mjane alikuwa amesimama mlangoni na sufuria mkononi, ameyasikia yote. Vidonge vilibaki vinane.

"Basi chagula, Profesa," Yaya akasema. "Nani akule kizima?"

Jibu la vitabuni nililijua: mmoja anywe vyote. Mjane alitazama ndani ya sufuria yake tupu. Nami, niliyekuwa na maneno ya kila kitu, nikajifanya nakaza kifuniko cha kikopo. Yaya akakichukua mkononi mwangu, akampa mjane kidonge kizima, akameza chake kizima. Vikawatosha siku nne. Gari la dawa lilifika siku ya tisa.

Miezi baadaye majibu ya damu yalitoka. Dawa za mjane bado zilifanya kazi. Za Yaya hazikufanya tena; muuguzi akamwandikia nyingine, vidonge vikubwa vyenye kuleta kichefuchefu. Nilimsindikiza hadi nyumbani nikimbebea kikopo kipya.

"Kadudu kamesoma," akasema Yaya. "Kako kama weye. Ila kenyewe kamefaulu."

Jioni ile mjane alileta sombe. Yaya akameza kidonge kipya mbele yetu, kizima, akakaa ameziba mdomo kwa kitenge mpaka kichefuchefu kikapita. Hakuna aliyeniuliza habari za chanjo.