Ngoma ya Mujukuu Wangu Ilivyofika Machimboni

Kwetu Kasongo musichana haolewi bila kufundishwa. Sisemi shule. Shule aende akipenda. Mimi niliishia darasa la tatu, nikashika jembe. Nasema mafunzo ya nyumbani, yale bibi anamupa mujukuu wake siku chache kabla ya arusi, mulango umefungwa, wanaume wametumwa mbali. Nimefundisha wasichana wa ukoo wetu tangu nikiwa na meno yote. Hakuna hata mumoja alirudishwa kwetu kwa kusema hajui kitu.

Watu wa kanisa hawapendi tuyataje, lakini wake zao walipita humo humo. Tunamufundisha musichana mwili wake: kuuosha, kuutunza siku za damu, kuelewa kwamba ni wake yeye kabla ya kuwa wa mutu mwingine. Tunamufundisha kusema ndiyo, na kusema leo hapana bila nyumba kuvunjika. Tunamupaka mawese na ngula, ule unga mwekundu wa muti, tunamufunga shanga, na mwisho anacheza. Ngoma yenyewe ni ya kiuno. Sioni haya kuandika neno hilo. Kiuno kinabeba mimba, kinainama shambani kutwa nzima, kinauma na hakuna anayekiuliza. Siku moja tu kiwe cha furaha, mbele ya wanawake wanaokijua.

Huyu ninayetaka kusema habari yake ni mutoto wa mwanangu wa kwanza. Nilimulea mimi, maana mama yake alifariki yeye akingali ananyonya. Wakati wa kuolewa alikuwa amepita miaka makumi mbili, mushonaji, mashine yake iko barazani, na nusu ya wanawake wa korali ya kanisa, wenzake wa kuimba, walivaa kazi ya mikono yake. Mimi na yeye tuliitana muke mwenza. Kwetu mujukuu ni muke wa babu yake kwa utani, na babu alipokufa hatukuacha.

Kijana wake alikuwa mutu wa Kabambare, anachimba dhahabu upande wa Lusangi. Alikuwa akija na pikipiki, vumbi mpaka ku kope, anakaa karibu na mashine, na wote wawili hawasemi kitu. Nikipita ninawauliza:

"Ndimi zenu mumeziweka rehani?"

"Hapana, bibi. Tunazungumuza ndani kwa ndani."

Nilimupenda kijana yule. Nasema hivyo ili mujue.

Sasa, mafunzo yana sharti moja: shangazi awepo. Bibi anafundisha, lakini shangazi ndiye anayetazama na kusema mutoto ameiva ao hajaiva. Asipokuwepo, hata ukifundisha mwezi mzima, ni bure. Na shangazi wa mutoto huyu, yaani binti yangu, ameolewa Kabambare. Wakati ule alikuwa na mutoto wa wiki moja mugongoni, na mvua ilikuwa imekata barabara. Pikipiki zilikuwa zinabebwa na watu kuvuka matope. Hangeweza kuja.

Mukamwana wangu, muke wa mwanangu wa pili, ndiye alipata shauri.

"Mama, nipige video. Shangazi aone na macho yake, aseme neno lake."

Wanawake wote waliitika. Kwetu sisi haikuwa picha. Ilikuwa shangazi anaingia mu chumba.

Basi siku ile tulifunga mulango. Niliongea kwanza, muda mrefu, mutoto ameketi ku mukeka, miguu imenyooka, ngula inang'aa mabegani. Alikuwa amefunga kikwembe kifuani mpaka magotini. Hakuwa uchi, watu wasidanganye. Kisha wanawake wakaanza kupiga makofi, akasimama.

"Tuliza mabega!" nikamupigia kelele. "Mabega hayakualikwa!"

"Bibi, mabega yangu yamezoea mashine."

"Basi bwana yako ameoa mashine. Teremusha chini! Chini! Unaogopa nini huko, kuna nyoka?"

Wanawake walicheka mpaka mumoja akaangukia mulango. Na mutoto, akicheka vilevile, akapata. Mabega yakatulia kama maji mu mutungi, na chini kukawa na mwendo wake. Mukamwana alikuwa ameinua telefone juu ya vichwa, na yeye anacheza palepale anaposhikilia.

Rezo ya Kabambare, ule mutandao wa telefone, haibebi kitu kizito. Mukamwana akatia video mu kadi, kile kipande kidogo kama ukucha, akakifunga mu kitambaa, akakituma kwa mwenye pikipiki tunayemujua. Kilifika. Lakini binti yangu hakujua kukitia mu telefone yake, na bwana wake hakutakiwa kuona. Akakipeleka pale watu wote wanapeleka, ku kibanda cha kushariji telefone, kwa kijana mumoja anayewatilia watu miziki. Alimwambia, "Usifungue, ni mambo ya wanawake." Kijana akasema ndiyo, mama. Akatia. Na yeye akabaki na nakala yake.

Sisi hatukujua. Sisi tulipata sauti ya shangazi tu, analia na kucheka pamoja: "Ameiva! Mama, huyu ameiva! Muambieni nimesema mimi!" Mutoto aliisikiliza sauti ile akiwa ameegemea mashine, akairudisha, akairudisha tena.

Arusi ikasogezwa mbele kidogo, kungoja barabara ikauke. Mu siku zile za kungoja nilikwenda ku mashine ya kukoboa mupunga. Kulikuwa na foleni, na vijana wanaobeba mifuko. Mumoja alikuwa anaimba peke yake akifunga gunia. Nikasikia ni wimbo wetu. Ule wa ndani, ambao mwanaume hawezi kuujua hata kama mama yake amemuzaa mara mbili. Aliimba kiitikio, akakatia hapo, akatikisa kiuno kuelekea mwenzake, na mwenzake akajibu, akiiga sauti ya muzee:

"Mabega hayakualikwa!"

Wakacheka wote. Sauti aliyokuwa anaiga ni yangu.

Niliacha mupunga wangu pale pale. Nilifika nyumbani, nikamuita mukamwana, nikamwambia atafute mu telefone yake ao ya mutu mwingine, anionyeshe. Hakuchukua muda. Iliwekwa pamoja na video za wanawake wa Kinshasa wanaocheza mbele ya ndizi za plastiki na magari ya watu wengine. Juu yake wameandika maneno ambayo sitayaandika hapa. Na walikuwa wameikata. Yale yote niliyoongea kabla, mwili ni wako, sema hapana bila kuogopa, yote hayapo. Kulikuwa na kiuno, makofi, neno langu lile moja la utani, kisha inarudi mwanzo. Kiuno, makofi. Kiuno, makofi. Uso wa mutoto ulikuwa unaonekana vizuri kabisa.

Mukamwana alilia akaketi chini. Mimi sikulia. Nilimufuata mutoto barazani, nikamwambia moja kwa moja, maana kitu kama hicho ukikizungusha kinakuwa kikubwa zaidi. Aliondoa muguu ku mashine.

"Na yeye ameiona?" akauliza.

Hakuuliza muji, hakuuliza muchungaji. Aliuliza kijana wake tu.

Habari ilitembea mbio kuliko sisi. Ku redio ya pale muji wakafungua mazungumuzo juu ya wazazi wanaowafundisha mabinti umalaya. Wanaume wanapiga simu mumoja baada ya mwingine, na kila mumoja anaeleza vizuri sana alichokiona, kiasi unajua aliitazama mpaka macho yakauma. Muchungaji akanitumia neno kwamba mutoto apumuzike kidogo ku korali. Binti yangu wa Kabambare alipojua ilitoka ku kadi yake, alikwenda ku kibanda na mutoto mugongoni, akapiga meza kwa mikono. Kijana akamwambia, "Mama, mimi nimeshafuta. Iko kwa watu." Ni kweli, alifuta.

Kisha wakakuja watu wa kijana muchumba: baba mudogo wake, mama yake, na yeye mwenyewe. Niliwapa viti, niliwapa maji. Maji hawakunywa.

Baba mudogo alianza pole pole. "Mama, hatukukuja na kelele. Mutoto wenu tulimupenda. Lakini muke ni kitu cha kufunikwa, na huyu ameonwa na machimbo mazima. Kijana wetu akiteremuka mu shimo, wenzake watamucheka."

"Watamucheka kwa kosa gani?"

"Kwa muke wake, mama."

"Na wale wanaotazama muke wa mwenzao, nani anawacheka?"

"Aa, mama. Wanaume ni wanaume."

Nikamugeukia mama ya kijana. "Na wewe, mama mukwe, ulifundishwa ao ulijifundisha mwenyewe?"

Macho yake yalikwenda chini. "Nilifundishwa."

"Ulicheza?"

"Nilicheza."

"Vibaya?"

Niliona kicheko kikifika ku mudomo wake, kikarudi. "Lakini mimi hakuna mwanaume aliniona," akasema.

"Na huyu, ni yeye alishika telefone?"

Alikunja pindo la kikwembe chake. Si mama mubaya. Alikuwa amekaa kati ya mwanawe na shemeji yake, angejibu nini.

Shauri lao lilikuwa hili: mutoto asimame kanisani, aombe musamaha mbele ya watu wote. Watu wakisahau, arusi ifanyike, bila ngoma. Nami nilianza kulipima shauri lile. Nilijisemea, kusimama ni asubuhi moja, ndoa ni maisha. Kijana alikuwa amekaa palepale alipozoea kukaa, na sikutaka aondoke.

Mutoto alitoka ndani, kamba ya kupimia nguo bado iko shingoni. Alipiga magoti, akawasalimia wakubwa mumoja mumoja. Kisha akamwangalia kijana.

"Uliiona wapi?"

"Ku machimbo."

"Peke yako?"

"Na wenzangu. Mumoja alikuja nayo. Tulikuwa tunapumuzika."

"Ulinijua?"

"Nilikujua."

"Ukasema nini?"

Kijana alikuwa anasugua magoti kwa viganja. "Sikusema kitu."

"Hukuwaambia, huyu ni wangu, zimeni?"

"Wangenicheka."

"Kwa hiyo ulitazama nao mpaka ikaisha."

Baba mudogo akaingilia: "Binti, mwanaume haulizwi hivyo."

"Musamaha, papa. Nimeshamaliza kuuliza." Akainuka. "Kanisani sitasimama. Kama ni kusimama, wasimame pamoja nami wote waliotazama. Tuone nani atabaki amekaa."

Mama ya kijana alijifunika uso kwa kikwembe. Wakaondoka. Kijana alijaribu kuwasha pikipiki yake mara kadhaa, ikakataa, ikabidi aisukume mpaka njiani, na mutoto alikuwa ameshaingia ndani, hakutazama.

Watu waliniambia ana kiburi. Hawakumuona kesho yake. Alihamisha mashine kutoka baraza, akaiweka mu chumba cha nyuma ambacho hakina mwanga, maana vijana walikuwa wanasimama mbele yake na kupiga yale makofi. Anashona kwa kupapasa. Anavaa mikono mirefu mu joto hili. Shanga alizikata mwenyewe kwa makasi ya kazi. Nikimuita muke mwenza anaitika "ndiyo, bibi", kama mutoto wa jirani. Wakati wa jua kali yule kijana alioa musichana mwingine, wa kwao. Nilisikia huyo walimufundisha kwa mudomo tu, hakuna aliyemuambia asimame acheze. Na ku ukoo wetu ni hivyo hivyo sasa. Mama mumoja alikuja kuniomba nimufundishe binti yake, nikawaambia waache telefone zote nje. Waliziacha. Lakini musichana mwenyewe alikataa kuinuka ku mukeka. "Niambie tu, bibi. Nitaelewa."

Mufundishaji hasifu. Ndiyo desturi. Siku ya mafunzo unakemea tu, na sifa unazihifadhi mpaka baada ya arusi, bibi-arusi akirudi kukusalimia. Ndipo unamwambia ulivyomuona. Mujukuu wangu hakupata kurudi kwangu namna hiyo, kwa hiyo sikumwambia.

Juzi mvua ilinyesha tangu asubuhi, mimi na yeye tulikuwa tunachagua mawe mu mupunga, ungo mumoja kati yetu. Hakuinua kichwa.

"Bibi, siku ile nilicheza vizuri?"

Ningeweza kusema tuache mambo hayo. Lakini mimi sijui kusema uongo, na huyu nimemulea.

"Ulicheza vizuri. Mu wale wote niliowafundisha, hakuna aliyecheza kama wewe."

Alitoa jiwe, akalitupa nje ya mulango. Akatoa lingine.

"Ningecheza vibaya," akasema, "wangeizima."

Nimezika bwana, nimezika watoto wawili, na kila mara nilikuwa na neno la kuwaambia waliobaki. Kwa hili sikupata. Nilisogeza ungo upande wake, kwa kuwa macho yake yanaona vizuri kuliko yangu, na yeye akaendelea kutafuta mawe.